Maziwa hayafiki mapafuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyemsifu mwenye kresha (mashine ya kusaga mawe kuwa kokoto) mmoja wa mkoani kwetu kwa kuwagawia vijana wake pakiti ya maziwa kila siku "ili yasafishe kifua". Nia ya mwajiri huyo naiheshimu. Wapo wenziwe wasiotoa hata maji ya kunywa. Lakini barua ile imenikera, kwa kuwa imelipamba jambo lisilo kweli, na wanaolilipia ni watu ninaowajua kwa sura, wengine nimewafundisha.

Nimefundisha Baiolojia sekondari hadi nilipostaafu, na sasa naishi Mahina hapa Mwanza, ambako nyundo za wagonga kokoto zinaanza kusikika kabla jua halijapanda. Mimi ni Msukuma. Maziwa mgando nimelelewa nayo, na hadi leo usiku ukinikuta mezani utanikuta na ugali na bakuli la maziwa. Sina ugomvi na maziwa hata kidogo. Ninachopinga ni njia ambayo watu wanadhani yanapita.

Tulipofika mada ya upumuaji sikuwa naanza na picha ya kitabuni. Nilikuwa namtuma mwanafunzi machinjioni alete mapafu ya mbuzi yakiwa mazima na koo lake, yasikatwekatwe. Tunayaweka kwenye sinia juu ya meza, na kila mtu anapita ashike. Bomba la hewa ni gumu kwa mbele, lina pete za gegedu zilizopangana. Ukizungusha kidole kwa nyuma unakuta pete hazikufunga, na hapo ndipo umegandana nalo mrija mwingine, mlaini, umelala bapa, hauna gegedu. Huo ni umio, njia ya chakula. Pete zimeachwa wazi upande ule ili tonge likishuka umio upate pa kutanukia. Baada ya hapo tunachomeka bua la jani la mpapai kwenye bomba la hewa, tunalifunga kwa uzi, na kijana mwenye kifua anapuliza. Mapafu yanapanda, yanabadilika kutoka wekundu mzito hadi waridi, darasa linapiga kelele mpaka mwalimu wa chumba cha pili anakuja kuchungulia.

Mwisho tunachukua maji yenye wino na kuyamimina ndani ya umio. Hakuna hata tone linaloingia pafuni. Yanapita nyuma ya mapafu yote mawili na kutokea chini, mahali mchinjaji alipokata, yanaingia kwenye ndoo. Watoto wale waliona kwa macho yao, wala sikuhitaji kuongeza neno.

Kwa binadamu ni hivyo hivyo. Hewa na chakula vinatumia koo moja kwa kipande kifupi tu, kisha vinaachana. Weka kidole kwenye kikoromeo chako umeze mate: utasikia zoloto linapanda juu. Linapopanda, kidakatonge kinaufunika mlango wa hewa, na kwa nukta hiyo upumuaji unasimama. Yote hayo ni kuhakikisha kwamba unachokimeza hakiendi mapafuni. Mlango ukichelewa kidogo tu, unapaliwa, na kila aliyewahi kupaliwa anajua jinsi mwili mzima unavyopambana na tone moja la chai. Maziwa yakifika mapafuni kweli, hiyo ni ajali. Ndiyo maana wauguzi wanawakemea kina mama wanaomnywesha mtoto kwa nguvu akiwa amelala chali: yakipita njia ya hewa yanaweza kuleta nimonia.

Sasa kwa nini vijana wa kresha wanasema wakinywa maziwa wanasikia kifua kimefunguka? Hawasemi uongo. Nimeenda kwenye kresha moja saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, nikawaona. Nyusi na kope zimekuwa nyeupe, mikono nayo nyeupe. Mmoja anang'ata kona ya pakiti kwa meno, anatema kipande cha plastiki, anakunywa bila kupumzika mpaka pakiti inabaki bapa. Koo lililokauka kwa vumbi na jua limepata kitu laini na baridi. Anasikia nafuu, ila nafuu hiyo iko kooni na tumboni. Maji safi yangemfanyia hivyo hivyo, ingawa hayashibishi.

Tena kuna jambo jingine linalowachanganya, na hili ni la haki kulieleza. Ndani ya pua, bomba la hewa na matawi yake kuna ute unaonata, na chini ya ute huo kuna vijinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinapiga kwa pamoja, zaidi ya mara kumi kwa sekunde, vikiusukuma ute kuelekea kooni, usiku na mchana, milimita chache kila dakika. Vumbi lililonasa linapandishwa pamoja nao. Likifika kooni tunalitema kama kohozi, na mara nyingi tunalimeza bila kujua. Kwa hiyo ni kweli sehemu ya vumbi ulilovuta linaishia tumboni, na huko litakutana na maziwa yako. Lakini hilo ni vumbi ambalo mapafu yalikwishalitoa yenyewe. Mtu anayevuta sigara anaviumiza vijinywele hivyo, na ndiyo sababu mvutaji anaamka asubuhi akikohoa mfululizo: anafanya kwa misuli ya kifua kazi iliyopaswa kufanywa kimya kimya usiku. Kwenye kresha, vijana wengi wanavuta. Wanasema sigara inaondoa harufu ya vumbi.

Tatizo liko kwa vumbi ambalo halinaswi. Bomba la hewa linagawanyika mara mbili, kila tawi linagawanyika tena, na tena, kama mara 23, mpaka linafika kwenye vifuko vya hewa vyenye upana wa moja ya tano ya milimita. Mtu mzima anavyo zaidi ya milioni 300. Ukivitandaza vyote unapata eneo la mita za mraba zipatazo 70, yaani karibu nusu ya uwanja wa mpira wa wavu, limekunjwa likaenea ndani ya mbavu. Ukuta kati ya hewa na damu hapo haufiki hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, wakati unywele wa kichwani una unene wa mikroni kama 70. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, tunayotoa inabaki na kama 16. Zile tano zimevuka ukuta huo mwembamba zikaingia kwenye damu, na hewa ukaa imetoka kwa mlango huo huo. Chembe nyekundu ya damu inapita hapo kwa muda usiofika sekunde moja, na hiyo inatosha.

Huko chini hakuna vijinywele wala ute wa kusukuma uchafu, kwa sababu ukuta mwembamba hivyo ungefunikwa na ute usingepitisha kitu. Ulinzi wake ni umbali na pua. Chembe kubwa za vumbi, kuanzia mikroni 10 kwenda juu, nyingi zinakwama puani na kooni. Zinazofuata zinakwama kwenye matawi makubwa. Zinazofika kwenye vifuko ni zile ndogo, za chini ya mikroni 5, na hizo huzioni. Wingu jeupe linalowafunika vijana pale kresha ikimeza jiwe ni vumbi kubwa, linaanguka chini baada ya muda mfupi. Dogo linabaki likielea. Chembe ya mikroni moja inaweza kukaa hewani kwa saa kadhaa hata kama hakuna upepo. Mama anayekaa kwenye kibanda cha turubai mchana, mashine ikiwa imezimwa, akidhani sasa hewa ni safi, bado anaivuta hewa ya asubuhi.

Na anavuta nyingi. Mtu aliyekaa anapitisha lita saba au nane za hewa kwa dakika. Mpe nyundo ya kilo nane, utamkuta kwenye lita 30 na zaidi, tena anapumua kwa mdomo, maana pua pekee haimtoshi. Akipumua kwa mdomo ameuruka ule mchujo wa kwanza.

Jiwe letu la Mwanza, hili hili tunalojivunia kwenye picha za mwamba wa Bismark ulio ziwani, ni granaiti. Granaiti kwa asili yake ina silika ya fuwele, ile inayong'aa kama kioo unapopasua jiwe, na kwa kawaida ni zaidi ya moja ya tano ya jiwe zima. Silika ikifika kwenye kifuko cha hewa inakutana na seli walinzi, zinazozunguka humo zikimeza uchafu na vijidudu. Mlinzi anaimeza, anashindwa kuisaga, anakufa. Akifa anamwaga alichokuwa nacho, silika inabaki vile vile kama ilivyokuwa, mlinzi mwingine anakuja kuimeza naye anakufa. Pale vita hiyo inapotokea mwili unaweka kovu. Kovu halipitishi hewa wala halitanuki. Makovu yakiwa mengi mapafu yanakakamaa, na huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuyafuta makovu. Unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, kwa kuwa vumbi limebaki ndani. Walinzi wakiwa wamepungua, kifua kikuu kinapata mlango wazi, na wenye silikosisi wanakipata mara kadhaa zaidi ya watu wengine. Juu ya hayo, tangu 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeitaja silika ya fuwele miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kinachowadanganya watu ni kwamba yote haya yanachukua miaka, mara nyingi kumi na zaidi. Mungu ametupa mapafu ya ziada. Ukiwa umekaa unatumia sehemu ndogo tu ya zile mita 70, kwa hiyo unaweza kupoteza nyingi usijue. Kijana wa miaka 24 anayekunywa maziwa yake kila siku na hakohoi anaamini maziwa yanamlinda. Kinachomsitiri ni ujana wake na akiba ambayo bado hajaimaliza.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, amegonga kokoto tangu wanawe wakiwa wadogo. Si mwajiriwa wa mtu. Anakaa chini, miguu ameinyoosha, kokoto zinajaa karai, karai zinajaa debe, wateja wanakuja na lori. Alipoanza kukohoa alikwenda kutibiwa. Alipewa dawa za kikohozi, akarudi, akapewa nyingine. Baadaye akapigwa picha ya kifua, akaambiwa kuna madoa, akaanzishiwa dawa za TB ingawa makohozi yake hayakuonyesha vijidudu. Alizimeza hadi mwisho kwa uaminifu. Sasa anapanda kilima cha kwake akipumzika njiani kwenye kila jiwe lenye kivuli, na ndoo ya maji anabebewa na mjukuu. Nilipomuuliza kama katika safari zake zote za hospitali kuna mtu aliyemuuliza anafanya kazi gani, alifikiri kidogo, akasema: "Waliandika mkulima, mwalimu. Nikaona si vibaya."

Madaktari na matabibu wanaosoma gazeti hili, ombi langu kwenu ni hilo moja. Madoa ya silikosisi kwenye picha yanaweza kufanana na ya TB, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Muulizeni mgonjwa mikono yake inashika nini kutwa nzima. Ukanda wetu huu una wachimba dhahabu, wachonga mawe, na viwanda vya pamba pia, ambako vumbi ni la aina nyingine: lile linabana kifua zaidi siku ya kwanza baada ya mapumziko, mtu anadhani ni uvivu wa Jumatatu. Bila kuuliza kazi hutalijua hilo hata uwe na mashine gani.

Nikirudi kwa mwenye kresha. Nimesikia pia habari za ndimu, tangawizi, na kujifukiza nyungu. Nyungu inalegeza kamasi, pua inafunguka, sina neno. Lakini mvuke hauyeyushi jiwe. Kama ungekuwa unaliyeyusha, Bismark ingekuwa imekwisha zamani kwa ukungu wa ziwa. Na kwa wanaosema mambo ya maziwa ni ujinga wetu Waswahili tu, wasituonee: hata Urusi sheria yao ya kazi inataja maziwa kwa wanaofanya kazi zenye madhara. Imani hii imezunguka dunia.

Tupige hesabu. Pakiti ya nusu lita dukani kwetu ni shilingi 1,500. Vijana 20, siku 26 za kazi, inakuja shilingi 780,000 kwa mwezi. Kwa pesa ya mwezi mmoja unapata pampu ndogo na mpira wa kurushia maji. Jiwe likilowa kabla ya kuingia kwenye meno ya mashine, na maji yakirushwa pale kokoto zinapomwagika, sehemu kubwa ya vumbi linazaliwa likiwa tope. Haliruki, kwa hiyo halivutwi. Anayetoboa mwamba naye atoboe kwa maji, asitoboe pakavu. Pesa ya mwezi wa pili inunue barakoa zenye alama ya N95 au FFP2, zile ngumu zenye mikanda miwili ya kichwani. Zikikaa vizuri usoni zinazuia zaidi ya asilimia 90 ya chembe ndogo. Kitambaa, kanga, au ile barakoa ya bluu ya hospitali vinazuia vumbi unaloliona, na hilo si lile lenye hatari zaidi. Mwenye ndevu nyingi azipunguze, maana hewa inapita pembeni. Barakoa peke yake bila maji haitoshi, hakuna anayeweza kugonga nyundo kutwa nzima kwenye jua la Mwanza akiwa ameivaa bila kuishusha. Nguo za kazi zibaki kazini. Nimeona watoto wakimrukia baba mlangoni, vumbi likifuka.

Baada ya hapo, mwajiri akitaka kuwapa vijana maziwa, awape. Ni chakula kizuri, na wana njaa. Ila asiyaandike kwenye daftari la usalama kazini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka atoe vifaa vya kinga kwa gharama yake na awapime afya wafanyakazi wake. Sijaona mahali inaposema pakiti. Awasajili pia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao umekuwa ukifanya kazi tangu 2015 na unayatambua magonjwa yatokanayo na kazi, ili kijana akikwama na pumzi asirudi kijijini mikono mitupu.

Hayo ni ya mwenye mwajiri. Jirani yangu hana. Hakuna anayemchangia fidia wala wa kumnunulia pampu, na barakoa moja nzuri inaweza kumla faida ya madebe kadhaa. Kwa wanawake kama yeye ninaona njia moja tu. Kila lori linalotoka machimboni na kokoto linakatiwa ushuru, stakabadhi tunaziona. Mkusanya ushuru anakaa pale pale getini, mwenyewe amejifunga leso puani. Bomba moja la maji kwenye kila eneo la kugongea, lenye koki mbili tatu, linawatosha kulowesha mawe yao kwa kopo kabla ya kugonga, na kunawa kabla ya kunyonyesha. Basi kupitia gazeti lako naziuliza halmashauri zote zinazokusanya ushuru wa kokoto, na ningependa nijibiwe hapa hapa: katika bajeti ya mwaka huu, bomba hilo mmeliweka kwenye kifungu gani?

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Mahina, Mwanza